Mvi Kichwani, Usukani Mkononi

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mimi kwa miaka mingi niliufanya msemo huo mwavuli wa kujikinga na maneno ya watu. Kila nilipoulizwa, "Wewe bwana, mbona hujui kuendesha gari?" nilijibu kwamba samaki wangu amekwisha kauka, na ukijaribu kumkunja atakuvunjikia mikononi. Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao, na mambo yakaishia hapo. Lakini, msomaji mpenzi, leo nataka kukutolea siri ambayo sikupata kuiandika popote. Halikuwa suala la samaki kukauka. Ilikuwa ni hofu.

Wala haikuwa hofu ya gari peke yake. Nilikuwa nikiuogopa mtihani. Mimi ambaye nimesimama mbele ya hadhara za harusi na maulidi nikasoma beti zangu bila ya sauti kutetemeka, nilikuwa nikifikiria tu kuketi garini na mtahini ubavuni mwangu, kalamu mkononi, viganja vyangu hutoka jasho kama niliyeshika barafu. Nimekwisha pita miaka hamsini, nina wajukuu, na vijana mtaani hunipa shikamoo kabla sijawafikia. Mtu wa namna hiyo akianguka mtihani ambao kijana wa miaka 18 huupita akitafuna ubani, ataiweka wapi sura yake?

Jambo hili lilinitia haya zaidi kwa sababu ya asili yetu sisi watu wa Pwani. Neno gari limetujia kutoka Bara Hindi. Breki, gia na klachi tumezipokea kwa Waingereza. Hata dereva si wetu. Lakini usukani ni neno letu la tangu na tangu, tulilolipata kwa Waarabu na kulitumia vyomboni kabla gari la kwanza halijatia gurudumu kisiwani Mombasa. Sukani ni ule ubao wa nyuma ya jahazi, unaokiamrisha chombo kiende huku au kule. Babu yangu aliushika katika pepo za kusi na za kaskazi. Mjukuu wake akawa anauogopa usukani wa gari lililoegeshwa chini ya mwarobaini.

Chanzo cha hofu

Kila hofu ina mzizi wake, na wangu naujua. Mwaka 1978, nikiwa mtoto wa miaka tisa, nilitumwa na mama Mwembe Tayari kununua vitu vya futari. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara nikingoja kuvuka, na karibu nami alikuwapo msukuma mkokoteni, mtu mzima, aliyejaza magunia ya nazi. Lori lililokuwa limesimama mbele yake likaanza kurudi nyuma. Halikuja kwa kasi; lilirudi pole pole, na hilo ndilo lililonikaa moyoni. Watu walipiga kelele, dereva hakusikia, na yule mtu akabanwa baina ya lori na mkokoteni wake. Hakufa, alhamdulillahi, lakini mguu wake haukuwa mguu tena. Mimi nilirudi nyumbani bila ya vitu na bila ya pesa, na sikuweza kusema nimeziacha wapi.

Tangu siku hiyo, gari linalokwenda mbele halikunitisha sana. Gari linalorudi nyuma ndilo lililonitisha. Kisha ikaja ile siku ya Septemba 29, 2019, ambayo hapana mtu wa Mombasa asiyeijua, gari lilipoteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri ya Likoni, likazama na mama na mwanawe mdogo. Zilipita karibu wiki mbili kabla ya gari hilo kutolewa chini ya maji. Siku zile zote mji mzima ulikuwa na huzuni, na mimi pamoja na huzuni yangu nilijiambia: "Unaona? Ulikuwa na haki ya kuogopa."

Basi ningalikaa na haki yangu hiyo mpaka kaburini, lau si mama yangu.

Mama hakai kisiwani. Anakaa ng'ambo, Likoni, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, na kwa miaka mingi sasa anaugua maradhi ya sukari. Ndugu yangu mdogo ndiye aliyekuwa na gari, naye ndiye aliyekuwa akimvusha kila wiki kumleta mjini kwa daktari. Mwanzoni mwa mwaka 2022 ndugu yangu alipata kazi Oman, akaenda zake kutafuta riziki kama walivyokwenda wengi wa kwetu, akaliacha gari lake, Toyota ya zamani, chini ya mwarobaini wa mama. Mwezi huo huo mama akapata kidonda unyayoni.

Mwenye sukari akipata kidonda cha mguu, msomaji, hilo si jambo la kulichezea. Sukari hufisha ganzi miguu, damu haifiki vizuri, na kidonda kidogo kama punje ya mtama chaweza kumfikisha mtu kwenye kukatwa mguu. Daktari alisema kisafishwe na kufungwa mara mbili kwa wiki, na asiukanyagie mguu ule. Lakini angefikaje mjini bila ya kuukanyagia? Tuktuk ilimchukua nyumbani mpaka kivukoni. Hapo ilimbidi ateremke ule mteremko kwa miguu katikati ya maelfu ya watu wanaokimbilia feri, na akifika upande wa pili aupande ule mlima. Nilimshika mkono kila mara. Siku moja tulipofika juu nilitazama nyuma nikaona alama ya damu katika lami, hatua baada ya hatua, kutoka chini mpaka pale tuliposimama.

Mama hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, lile gari la ndugu yako litaota majani."

Nikaingia chuo cha pili

Juma lile lile nilikwenda kujiandikisha katika shule ya udereva. Nilidhani nitafundishwa na mzee mwenzangu, nikaletewa binti aliyekuwa umri wa mwanangu wa tatu, amejitanda mtandio wake vizuri, ana sauti ya upole na jicho kali. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba, kisha akaniambia, "Baba, humu ndani mimi nitakuwa mwalimu na wewe utakuwa mwanafunzi. Tukitoka nje utakuwa baba tena." Nikakubali. Tangu hapo nilimwita mwalimu, naye hakuacha kuniita baba.

Kwa faida ya msomaji asiyejua, nitaeleza mambo yalivyo. Mtu huchukua kwanza leseni ya muda ya mwanafunzi, na gari analofundishiwa hubandikwa ile herufi ya L nyekundu mbele na nyuma. Mtihani, ambao siku hizi uko chini ya mamlaka ya NTSA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, una pande mbili. Upande mmoja ni wa maswali na "bodi". Bodi ni meza iliyochorwa mji mzima, na barabara zake, raundabauti zake na mahali pake pa kuegesha, na mtu hupewa kigari kidogo cha kuchezea akaambiwa akitoe hapa akifikishe pale, huku akieleza anapita upande gani na anampisha nani. Upande wa pili ni barabara yenyewe, gari lenyewe.

Ule upande wa kwanza haukunisumbua, na sababu yake ni maalim wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi tuliosoma chuoni tulianza na alifu, be, te, tukafuata irabu, tukaunganisha, na mtoto hakupewa somo jipya mpaka lile la jana alisome bila ya kukwama. Alama za barabarani nazo zina hijai yake. Pembe tatu yenye ukingo mwekundu yakuonya kwamba mbele kuna jambo. Duara lenye ukingo mwekundu lakukataza. Duara la buluu lakuamuru. Ile yenye pembe nane yakuambia simama, wala haina mjadala. Ukishajua umbo, umekwisha jua nusu ya maana kabla hujasoma picha. Na katika raundabauti, sisi tunaoendesha kushoto, tunampisha anayetoka kulia. Haya yote niliyahifadhi kwa siku nne.

Lakini mguu hauhifadhi kwa ulimi. Nilipokaa nyuma ya usukani na kuambiwa niiachie klachi pole pole, gari liliruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu, kisha likazima. Nikaliwasha, likazima. Nyuma yangu tuktuk zilipiga honi, na matatu moja ikanipita, kijana mlangoni akaniuliza kama nataka kusukumwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilijikaza wiki tano. Barabara tambarare niliiweza, kona niliziweza, hata kuegesha baina ya magari mawili nikaweza. Kilichonishinda ni kuondoka mlimani. Kila nilipolisimamisha gari penye mwinuko na kutakiwa niliondoe, lilirudi nyuma kidogo, pengine kiasi cha shubiri mbili tu, na hapo hapo macho yangu yaliruka kwenye kioo, nikamwona yule mtu wa mkokoteni. Mikono ilikufa ganzi, gari likazima.

Siku nilipoanguka

Siku ya mtihani wa kwanza tulikuwa watu kama ishirini, na mimi ndiye niliyekuwa na mvi. Kwenye bodi nilijibu kila swali, mtahini akatikisa kichwa kuridhika. Tukaingia barabarani. Alikuwa mtu mwenye adabu, asiye na maneno mengi, na huo ukimya wake ndio ulionimaliza, kwani niliisikia kalamu yake ikiandika. Tukafika penye mwinuko. Akasema, "Simama hapa. Sasa ondoka." Nikaachia breki kabla ya klachi kushika, gari likarudi nyuma, nami nikazikanyaga zote mbili kwa pamoja, nikafumba macho. Ndiyo, msomaji, nilifumba macho! Nilipoyafumbua, mtahini alikuwa ameivuta breki ya mkono yeye mwenyewe. Akaniambia kwa upole, "Mzee, utarudi siku nyingine."

Jioni ile barazani, baada ya sala ya magharibi, nilinyamaza mpaka nikaulizwa, na nilipoulizwa nikasema kweli. Wengine walinihurumia, wengine walicheka. Mmoja akanivuta kando, akaninong'oneza kwamba mambo haya yana njia zake, kuna dalali anayemjua, nitoe kitu kidogo na kadi itanifuata nyumbani.

Sitajifanya malaika. Usiku ule nililifikiria jambo hilo. Nilifikiria mguu wa mama na zile alama za damu katika lami, nikajiambia kwamba dharura ina hukumu yake. Lakini kila nilipofika hapo, swali moja lilinikamata: siku gari litakapoanza kurudi nyuma pale kivukoni, na mama yangu ndani yake, hicho kitu kidogo kitavuta breki? Alfajiri nilipotoka msikitini nilikuwa nimekata shauri. Kadi ya kununua ingeweza kunipitisha mbele ya polisi tu. Kwenye ule mlima wa kivuko isingenifaa kitu.

Nikamwendea mwalimu wangu, na kwa mara ya kwanza nikamsimulia habari ya mwaka 1978. Hakunicheka. Akafikiri kidogo, kisha akaniambia maneno ambayo hata sasa huyarudia: "Baba, hofu yako haiko miguuni, iko machoni. Mkono hufuata jicho. Ukitazama unachokiogopa, gari litakwenda huko huko. Kioo kitazame kabla ya kuondoka, ujue nyuma yako kuna nini. Ukishajua, tazama mbele unakokwenda."

Akanifundisha upya, kama maalim alivyokuwa akiturudisha mwanzo wa sura tulipokosea. Tulitoka kila siku baada ya alfajiri, barabara zikiwa tupu. Tukaanza na mwinuko mdogo ambao hata maji yasingejua yateremke upande gani, na hatukuuacha mpaka nilipouondoka mara kumi mfululizo bila ya gari kurudi. Ndipo tukaenda kwenye mkubwa zaidi. Alinikataza kutazama miguu, aliniambia nisikilize. Klachi inapoanza kushika, mlio wa injini hubadilika ukawa mzito, na pua ya gari huinuka kidogo. Hapo gari limekwisha kuwa tayari kukuchukua, na breki ya mkono ukiiachia halirudi nyuma hata inchi moja.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa mashairi, na kichwa changu hakishiki jambo mpaka litiwe vina, nilitunga ubeti wa kujikumbusha. Hauna thamani ya kuwekwa diwanini, nami nauandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayefaidika nao:

Breki ya mkono vuta, gari lipate tulia,
Klachi itapokamata, mlio utasikia,
Kanyaga kama wasita, mafuta yakiingia,
Breki ukishaiwata, juu utajifikia.

Likabaki lile la mtahini na kalamu yake. Mwalimu wangu alikuwa amekwisha ling'amua. Siku moja nikamkuta ameleta mwalimu mwenzake, mtu nisiyemjua, akamketisha kiti cha nyuma na daftari. Yule bwana hakunisalimu wala hakusema neno; aliandika tu. Siku ile niliendesha kama mlevi. Siku ya pili akaja tena, nikaendesha kama mgonjwa. Siku ya tatu nilimsahau kabisa mpaka tuliposhuka. Nikamwuliza alikuwa akiandika nini siku zote hizo. Akanionyesha daftari: alikuwa akiandika hesabu za duka lake.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kuchunguzwa nako ni jambo la kuzoewa, kama maji ya bahari ya asubuhi, ambayo hukutisha mpaka yakufike kiunoni, kisha ukashangaa ulikuwa ukiogopa nini.

Mara ya pili

Mtihani wa pili nilikwenda na hofu yangu vile vile. Sitaki mtu adhani iliniacha. Moyo ulidunda, kinywa kilikauka. Nilisoma dua ya safari kimya kimya, nikakumbuka ile habari tuliyofundishwa ya bedui na ngamia wake, ya kwamba kwanza umfunge, kisha utawakali. Mwaka huu ngamia wangu nilikuwa nimemfunga.

Mtahini alikuwa ni yule yule. Tukafika pale pale. "Simama hapa. Sasa ondoka." Nikatazama kioo: pikipiki moja, mbali. Nikalitazama jengo lililokuwa juu ya mlima, nikausoma ubeti wangu moyoni mstari baada ya mstari, mlio ukabadilika, pua ikainuka, nikaachia. Gari likapanda. Sikusikia kalamu. Tulipokwisha, aliandika jambo, akanitazama, akasema, "Mzee, hongera. Nenda pole pole." Nilipomwambia mwalimu wangu, aligeuka upande wa dirisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akasema, "Sasa tumetoka nje. Shikamoo, baba."

Nayaandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Wako wazee wenzangu, na wako akina mama wengi zaidi, wanaokaa na magari ya marehemu waume zao au ya wana walio ng'ambo, wakingoja mtu wa kuwaendesha. Kwao nasema hivi: hofu si aibu. Wazee wetu walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na dereva asiye na hofu hata chembe ndiye anayejaza wodi za hospitali. Itajeni hofu yenu kwa jina mbele ya anayewafundisha, kwani fundi hatibu jeraha asilolijua. Anzeni na mwinuko mdogo. Mkianguka mara moja, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na msiinunue kadi.

Jumatatu iliyofuata kutolewa leseni yangu, nilivuka Likoni kwa miguu, nikafagia majani ya mwarobaini juu ya gari, nikamketisha mama kiti cha mbele, mguu wake juu ya mto. Tulipoingia ferini nilizima injini, nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikaacha gia imeingia, na mkono wangu sikuuondoa kwenye ile breki mpaka tulipogonga upande wa pili. Mama alitazama maji, hakusema kitu.

Tulipotoka ferini na kuanza kuupanda mlima, msururu wa magari ukasimama. Mbele yangu lori, nyuma yangu basi, na ubavuni watu wanapita kwa miguu kwa maelfu, mahali pale pale mama alipokuwa akiacha alama za damu. Kisha lori likaanza kuondoka. Midomo yangu ikaanza kwenda yenyewe.

"Wasoma nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Shairi, mama."

"La nani?"

"Langu. La breki."

Akacheka, akiwa na miaka yake karibu themanini, cheko ambalo sikulisikia tangu ndugu yangu asafiri. Gari likapanda. Kidonda kilichukua miezi minne kupona, na mguu wake, kwa rehema za Mola, anao mpaka leo.